Gololi Ndani ya Gurudumu

Mtoto wa mwambao huijua gololi kabla hajaijua beringi. Huichezea uwanjani jua linapopunga, huitia mfukoni, huibadilisha kwa nyingine kisha akajuta; na katika gololi zote, zile za kioo zenye maua ndani hazifui dafu mbele ya gololi ya chuma, nzito, inayong'aa, ambayo hakuna duka linaloiuza. Hiyo hutoka gereji. Fundi huipasua beringi iliyokwisha, yaliyomo yakamwagika sakafuni, na mtoto aliyekuwa akivizia mlangoni akaokota riziki yake. Haulizi ilikotoka. Lau angeuliza, jibu lingempitisha katika ziwa la wafalme wa Rumi, katika daftari lililopotezwa maktabani kwa muda mrefu, na katika mji mmoja wa Ujerumani ambao watu mia kadhaa waliangamia angani mwake kwa siku moja kwa ajili ya vitu vidogo kama hivyo alivyovishika kiganjani.

Swali la makala haya ni dogo kwa sura. Ilikuwaje mtu asiyesomea ufundi, akiwa uani kwake na jeki, nyundo na mkebe wa grisi, akaweza kulifungua gurudumu la gari lake kongwe, akatoa beringi iliyochoka na kutia nyingine? Uwezo huo haukuwako tangu azali. Ulijengwa na watu wengi, baadhi yao wema na baadhi yao si wema, na leo unaelekea kuondoka mikononi mwa mwenye gari.

Kiini cha jambo hili watu wa pwani hawakuhitaji kufundishwa. Siku ya kushua chombo, jahazi lililokuwa limekaa juu ya mchanga kama jabali huanza kutembea pale magogo yanapotiwa chini ya mkuku wake. Kukokota ni kupigana na msuguano ana kwa ana. Kuvingirisha ni kumpita adui ubavuni. Gogo likitoka nyuma hukimbizwa mbele likatiwa tena, na wenye kulikimbiza ndio wanaofanya kazi ngumu kuliko wote. Sasa mtu achukue mstari huo wa magogo, aukunje uwe duara, ili gogo linalotoka nyuma lirejee mbele lenyewe pasi na mkimbizaji. Hiyo ndiyo beringi. Fikra yenyewe ni nyepesi. Kilichochukua karne kumi na nane ni kuipata kazini.

Huko Nemi, kusini mwa Roma, kuna ziwa dogo ambamo mfalme Caligula, aliyetawala tangu mwaka 37 hadi 41 baada ya kuzaliwa Masihi, alijengewa vyombo viwili vya anasa. Vilizama, vikalala chini ya maji hadi ziwa lilipopunguzwa kwa pampu kati ya miaka ya 1928 na 1932. Miongoni mwa vilivyotolewa ilikuwamo sehemu ya jukwaa la mbao lililokuwa likizunguka juu ya tufe za shaba. Wengi husema hiyo ndiyo beringi ya kwanza, na ni haki kidogo kuwarudi: tufe zile zilikuwa na vijiti pande mbili, zimefungwa mahali pake, hivyo zilizunguka zilipokaa wala hazikutembea huru katika njia yake. Vyombo hivyo viliteketea kwa moto usiku wa tarehe 31 Mei 1944, vita vilipopita hapo.

Leonardo da Vinci naye alichora gololi ndani ya duara mwishoni mwa karne ya 15, na katika michoro hiyo aligundua jambo ambalo wengi baada yake walilisahau: gololi mbili zikigusana, sehemu zinapokutana huenda kinyume, moja ikipanda na nyingine ikishuka, na hapo msuguano uliofukuzwa mlangoni hurudi kwa dirishani. Kwa hiyo kila gololi ipewe chumba chake. Daftari lenye michoro hiyo lilikuwa katika Maktaba ya Taifa ya Madrid, limewekwa pasipo pake, na halikuonekana tena hadi miaka ya 1960. Waliounda beringi za magari hawakuliona. Walifika hapo hapo kwa njia yao wenyewe, na kile chumba cha gololi leo ni kizimba kilichomo katika beringi nyingi.

Mwaka 1794, Philip Vaughan, mfua vyuma wa Carmarthen katika nchi ya Wales, alipata hati ya ubunifu kwa gololi zilizotiwa katika mfuo wa mhimili wa gari la farasi. Halikuzaa matunda makubwa. Chuma cha zama zake kilikuwa laini, na gololi hazikuweza kufanywa sawasawa. Hapa pana siri ambayo macho hayaioni: gololi hugusa njia yake kwa nukta tu, na uzito wote wa gari hupita katika nukta hiyo. Ikiwa moja ni kubwa kuliko wenziwe kwa kiasi cha upana wa unywele, hiyo peke yake ndiyo inayobeba mzigo, na hiyo ndiyo itakayovunjika. Beringi, basi, haikungoja mtu wa kuifikiri. Ilingoja mtu wa kuifanyia usawa.

Baiskeli ndiyo iliyomleta. Jules Suriray wa Paris alipata hati yake mwaka 1869, na tarehe 7 Novemba mwaka huo huo Mwingereza James Moore akashinda mbio za kutoka Paris hadi Rouen akiwa juu ya baiskeli yenye beringi hizo. Gololi zilitakiwa kwa maelfu. Mwaka 1883, katika mji wa Schweinfurt, Friedrich Fischer alibuni mashine ya kusaga gololi za chuma kigumu kwa wingi, zote zikitoka mviringo mmoja na kipimo kimoja. Kila mwenye gari anadaiwa shukrani na mtu huyo, aliyefariki mwaka 1899 kabla ya kuona magari yenyewe yakienea.

Lakini gari la magurudumu manne si baiskeli. Baiskeli inapopinda hulala upande, na mzigo hubaki ukishuka wima juu ya gurudumu. Gari halilali. Linapopinda, uzito wake husukuma gurudumu kwa ubavu, na gololi iliyozoea kubebeshwa kutoka juu hujikuta inapigwa ngumi ya mbavu. Aliyelijibu hili alikuwa mtengeneza magari ya farasi wa St. Louis, Henry Timken, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani utotoni. Mwaka 1898, yeye na mpwawe Reginald Heinzelman walipewa hati ya beringi isiyo na gololi, bali roli fupi zenye umbo la pia iliyokatwa ncha, nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, zikikaa baina ya koni ya ndani na kikombe cha nje. Kwa kuwa njia yake imeinama, beringi hiyo hupokea mzigo wa juu na mzigo wa ubavu kwa pamoja. Husimuliwa kwamba mwendesha nyumbu mmoja alikamatwa kwa kuwatesa wanyama, mzigo wake ulivyokuwa mkubwa, akaachiwa alipoonyesha kuwa gari lilikuwa na beringi za Timken na nyumbu hawakuwa wakitaabika. Hadithi tamu kiasi hicho aghalabu huwa imetiwa chumvi na muuzaji, lakini umbo la pia halikuhitaji hadithi. Kampuni ilianzishwa mwaka 1899, ikahamia Canton, Ohio, mwaka 1901, ambako watengeneza magari wapya walikuwa jirani.

Umbo hilo lilileta na jambo la pili, na hili ndilo linalomhusu mtu wa uani. Beringi ya pia huja vipande viwili vinavyoachana: koni na roli zake mkono mmoja, kikombe mkono wa pili. Inafunguka. Inaoshwa, inatazamwa, inatiwa grisi, inarudishwa. Na ulegevu wake haukuamuliwa kiwandani. Huamuliwa na nati iliyo mwisho wa ekseli, yaani na mkono wa yule anayeikaza.

Sweden ikaleta mchango wake. Sven Wingquist alikuwa mhandisi katika kiwanda cha nguo cha Gothenburg, kilichojengwa juu ya udongo wa mfinyanzi uliokuwa ukididimia, na mihimili ya mashine ikawa kila siku inapinda. Mwaka 1907 alibuni beringi ya safu mbili za gololi inayojinyoosha yenyewe mhimili unapoinama, na kampuni ya SKF ikazaliwa. Humo ndimo lilimotoka jina ambalo mtu anayependa lugha atalifurahia: SKF ilikuwa imeandikisha neno la Kilatini lenye maana ya "navingirika" kwa ajili ya beringi, na neno hilo lilikuja kupewa kampuni yake tanzu ya magari, ambayo gari lake la kwanza lilitoka kiwandani tarehe 14 Aprili 1927. Neno lenyewe ni Volvo.

Kufikia Vita vya Pili vya Dunia hapakuwa na kitu chenye kuzunguka, awe ndege, kifaru au manowari, ambacho kingetembea bila ya vitufe hivi. Nchi zilipiganiana navyo. Sweden, isiyoegemea upande, iliviuza pande zote mbili. Waingereza walikwenda kuvichukua kwa ndege za Mosquito zisizo na silaha, zikiruka usiku kutoka Leuchars, Scotland, hadi Stockholm na kurudi, gololi na roli zikipakiwa pale pakaapo mabomu. Abiria nao walilazwa humo humo. Mwanafizikia Niels Bohr alisafirishwa hivyo mwezi Oktoba 1943, kichwa chake kikawa kikubwa kuliko kofia aliyopewa, hakusikia alipoambiwa avute hewa ya oksijeni, akazimia. Aliamka ndege iliposhuka chini.

Schweinfurt, mji wa Fischer, ulikuwa umejaa viwanda vya beringi. Tarehe 17 Agosti 1943 ndege za Marekani zilitumwa kuupiga mji huo pamoja na Regensburg; ndege 60 hazikurudi. Tarehe 14 Oktoba zikatumwa tena 291, na nyingine 60 hazikurudi, na katika kila moja walikuwamo watu kumi. Chini nako raia walikufa majumbani mwao. Viwanda viliharibika, lakini Ujerumani ilizitawanya mashine, ikatumia akiba, ikaendelea. Mizani ya siku hiyo ni ngumu kuisoma: roho mia kadhaa upande mmoja, na upande wa pili vitu ambavyo mtoto huvitia mfukoni.

Kutoka katika utawala huo huo wa Kinazi ndimo lilimotoka gari ambalo, kuliko jingine lolote, liliwafundisha watu wa kawaida kufungua gurudumu nyumbani. Jiwe la msingi la kiwanda cha Volkswagen liliwekwa tarehe 26 Mei 1938. Wafanyakazi zaidi ya laki tatu walinunua stampu za kuweka akiba ili wapewe gari. Hakuna hata mmoja aliyelipata kwa stampu zake, kwani vita vilipoanza kiwanda kiligeuzwa cha kijeshi na kikajazwa watu waliolazimishwa kufanya kazi. Baada ya vita, ofisa wa Kiingereza, Ivan Hirst, alikifufua, na magari ya raia yakaanza kutoka mwishoni mwa mwaka 1945. Gari lenye mgongo wa kobe likazunguka dunia. Afrika Mashariki lilipata heshima ya pekee: katika mashindano ya Safari lilishinda mwaka 1954, likashinda 1957, likashinda tena 1962, juu ya barabara za vumbi na tope zilizokuwa zikizivunja beringi za magari makubwa kuliko lenyewe. La mwisho lilitengenezwa Puebla, Mexico, tarehe 30 Julai 2003, idadi ikiwa imepita milioni 21.

Magurudumu yake ya mbele yalitumia beringi za gololi hadi katikati ya miaka ya 1960, yakageuzwa kuwa ya roli za pia. Na mwaka 1969 kikatokea kitabu. John Muir, mhandisi aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya ndege ya Lockheed kisha akaiacha dunia hiyo, alichapisha huko Santa Fe, New Mexico, How to Keep Your Volkswagen Alive, yaani namna ya kuiweka hai Volkswagen yako. Michoro ilikuwa ya Peter Aschwanden, iliyochorwa kwa mkono, kila nati na washa ikiwa na uhai wake. Ukamilifu wa anwani yake ulisema kuwa kitabu ni kwa ajili ya mjinga kamili, na neno la "kamili" liliandikwa kwa tahajia ya Kiingereza cha karne ya 17, kana kwamba ujinga huo ni cheo cha kale. Muir hakumdharau msomaji. Alimwambia akae chini, asome hatua yote kwanza, aandae zana, ndipo aguse. Alifariki mwaka 1977. Kitabu kimeuzwa zaidi ya nakala milioni mbili. Kabla yake vitabu vingi vya ufundi viliandikwa na mafundi kwa ajili ya mafundi. Mwenye kujifunza peke yake alivisoma kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya watu wazima kutoka nyuma ya pazia.

Kazi yenyewe ni hii. Gari huanza kulalama. Sauti ni mvumo wa chini unaopanda pamoja na mwendo, na aghalabu hubadilika gari linapopinda, kwa kuwa mzigo huhamia upande mmoja. Mwenyewe huinua gurudumu kwa jeki, akaweka kigingi imara chini ya gari, kwani jeki peke yake haiaminiki, akatia kabari magurudumu yaliyobaki. Hushika tairi juu na chini akalitikisa. Likicheza, huomba mtu akanyage breki, akatikisa tena. Mchezo ukitoweka, ulegevu ulikuwa wa beringi. Ukibaki, ugonjwa uko kwenye viungo vya usukani au vya springi, na kufungua beringi kungekuwa kumpasua mgonjwa asiye husika.

Kisha hutolewa kifuniko cha vumbi. Katika gurudumu moja la mbele la Volkswagen hutokeza hapo ncha ya waya wa kipima mwendo, inayopita katikati ya ekseli na kuzungushwa na kifuniko chenyewe. Pini yake hutolewa kwanza. Halafu nati. Hapa wengi wamepata hasara: upande wa kushoto wa gari nati ina uzi wa kinyume. Gurudumu la kushoto likienda mbele huzunguka kuelekea upande ambao ungeilegeza nati ya kawaida, basi wahandisi wakaukata uzi huo kinyume, ili mwendo wenyewe usiifungue. Asiyejua hudhani anafungua, kumbe anakaza, na kila ikikataa huongeza nguvu mpaka uzi ukakatika. Nati hiyo haishindwi kwa misuli.

Ngoma ya breki ikivutwa, washa na beringi ya nje hutangulia kutoka. Sili ya nyuma hung'olewa na kutupwa, na beringi ya ndani huanguka. Vyote huoshwa kwa mafuta ya taa hadi grisi ya zamani iishe, kwani beringi chafu haisemi ukweli. Roli nzima zina mng'ao wa maji tulivu. Zikiwa na rangi ya samawati, ziliunguzwa na joto. Zikiwa na vishimo vidogo kama makovu ya ndui, chuma kimeanza kumeguka, na hakuna grisi itakayokitibu. Kikombe ambacho roli zimekiachia alama za kupokezana, kama nyayo katika mchanga mbichi, pengine kiligongwa na shimo la barabara gari likiwa na mzigo.

Vikombe vya zamani hutolewa kwa nyundo na panchi kutokea upande wa pili, pigo huku na pigo kule, ili visiende upande. Vipya huingizwa kwa subira zaidi, na fundi mzoefu hukitumia kikombe kikongwe kukisukumia kipya, baada ya kukisaga kidogo ubavuni kisije kikanasa humo. Hupigwa kidogo kidogo kwa mzunguko. Sauti ya nyundo huwa ya juu, tupu, kama ya bati. Kikombe kikishakaa hasa mahali pake, sauti hushuka ikawa nzito na fupi. Hiyo ni alama ya kusikilizwa, wala vitabu haviwezi kuiandika vyema. Mwenye sikio la kupima vina ataitambua upesi kuliko mwenye nguvu.

Grisi huwekwa kiganjani. Beringi husukumwa juu yake, upande mpana chini, tena na tena, mpaka grisi ichomoze juu baina ya roli zote. Kuipaka nje ni kuosha uso bila ya kunywa maji. Grisi mbili za namna mbalimbali zisichanganywe, kwani baadhi yake hukataana zikayeyuka na kumwagika kwenye breki. Wala nafasi yote ya ndani isijazwe pomoni, maana grisi ikipata joto hutanuka na kutafuta pa kutokea.

Inabaki nati, na nati ndiyo mtihani. Hukazwa huku ngoma ikizungushwa, ili roli zijipange. Kisha hulegezwa taratibu, hadi ile washa iliyo chini yake iweze kusogezwa kwa ncha ya bisibisi, kwa nguvu ya kidole tu. Kitabu cha kiwanda hutaka ulegevu wa baina ya milimita 0.03 na 0.12, yaani kiasi cha unene wa unywele. Ikikazwa kupita hapo, beringi huchemka na kufa ndani ya safari chache. Ikiachwa mno, gurudumu huyumba na roli zikagongagonga. Wazoefu hukosea zaidi kwa kukaza. Mkono wa mwanadamu hupenda kitu kilichokazwa, hukiona salama, na hapa hisia hiyo ni ya uongo.

Jambo jingine limefanya kazi hii iwezekane mbali na kiwanda, nalo ni namba. Beringi za gololi za kawaida zilipangiwa vipimo vya kimataifa, na namba iliyochongwa ubavuni husomwa kama herufi. Yenye namba 6204, iwe imetengenezwa Sweden, Japani au China, ina tundu la milimita 20, upana wa nje wa milimita 47 na unene wa milimita 14. Tarakimu mbili za mwisho zikizidishwa kwa 5 aghalabu hutoa kipimo cha tundu. Beringi za pia nazo zina namba zake. Kwa hivyo mwenye gari ambalo kampuni imeacha kulitengeneza hahitaji duka la gari hilo. Anahitaji duka la beringi, na macho ya kusoma namba juu ya pete yenye kutu. Hatari ya leo imejificha katika namba hiyo hiyo, kwani wako wanaoichonga, pamoja na jina maarufu, juu ya chuma kisichostahili, na sanduku zuri halithibitishi kitu.

Magari mapya yamefuata njia nyingine. Beringi ya gurudumu sasa aghalabu ni kitu kimoja kilichozibwa, safu mbili ndani yake, grisi imetiwa kiwandani kwa maisha yote, na mara nyingi kipima mwendo cha breki kimo humo humo. Haifunguliwi wala hairekebishwi. Ikivuma, hutolewa nzima na kutupwa nzima, na nyingi zake hutaka mashine ya kushindilia ambayo haiko uani kwa mtu. Si haki kuitukana. Hewa ya bahari ni adui wa chuma kilicho wazi, na beringi iliyozibwa hukaa miaka mingi pale ambapo ile ya zamani ingetaka grisi mara kwa mara kutoka kwa mwenyewe, naye mara kwa mara angesahau. Roho nyingi zimesalimika kwa uzibaji huo. Lakini mwenye gari la namna hiyo hakuachiwa uamuzi wowote. Kazi yake imebaki kusikia mvumo na kulipa. Ile milimita 0.03 iliyokuwa ikitegemea kidole chake imehamia kwenye mashine asiyoiona, katika nchi asiyoijua.

Na beringi iliyotupwa, hasa ile ya zamani inayofunguka, haifi upesi katika nchi hizi. Ekseli za magari mabovu hubeba mikokoteni ya mahamali, na mwendo wao wa asubuhi hutegemea beringi ambazo gari lake lilikwisha kuwa chuma chakavu. Huko Goma, mashariki ya Kongo, chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili kinachoshuka milimani na viazi na makaa, huzungushia magurudumu yake ya mti juu ya beringi, na mwaka 2009 mji ukakisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu. Watoto wa mitaani nao huchukua beringi nzima, wakazipigilia ncha za mti chini ya ubao na kupata kigari chao, kisicho na tairi wala breki, ambacho kelele zake juu ya saruji husikika mtaa wa pili. Zile zilizopasuka kabisa humwagwa. Grisi nyeusi hufutwa kwa kipande cha kanga kuukuu, gololi huhesabiwa, na mwenye bahati huondoka na moja kubwa, akitafuta mwenzake wa kucheza naye kabla magharibi haijaingia.